Bastola ya chuma 'kisichoshika kutu' nayo hushika

Bastola ya silinda ya chuma kisichoshika kutu haihitaji kutiwa weusi kwa dawa kama zile za zamani. Kampuni ya Smith & Wesson ya Marekani ilianza kuziuza mwaka 1965. Hata hivyo, jina lisimhadae mmiliki. Chuma hicho hulindwa na utando mwembamba usioonekana, utokanao na kromu isiyopungua asilimia 10.5, na jasho lenye chumvi huweza kuutoboa.

Katonga, penye mwalo wa wavuvi mjini Kigoma, unyevu wa Ziwa Tanganyika huzidisha kazi. Adui mkubwa ni mkoba wa ngozi, kwani ngozi hufyonza maji na kuyabana kwenye chuma usiku kucha.

Kabla ya yote silinda ihakikiwe kuwa tupu, tundu kwa tundu, na risasi ziwekwe chumba kingine. Masizi ya baruti hutolewa kwa mafuta ya silaha na brashi ya nailoni. Mikwaruzo midogo kwenye chuma kisichong'arishwa kama kioo hufutwa kwa sponji ya kusugulia vyombo, kwa kufuata mistari ya kiwandani. Stilwaya ya jikoni haifai kabisa: huacha chembe za chuma cha kawaida, nazo ndizo zishikazo kutu, kisha mwenyewe akalaumu kiwanda. Duara jeusi mbele ya silinda halina madhara. Kulikwangua kila mara hula chuma bure.

Namba ya silaha isiguswe kwa msasa, maana ndiyo inayoiunganisha na leseni chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Bastola iliyochimbika kwa kutu ipelekwe kwa fundi mwenye kibali.