Risasi Kali na Mtutu Dhaifu

Msomaji, jina la mtaa wa Kariokor hapa Nairobi lenyewe ni kumbukumbu ya vita. Ni matamshi yetu ya Carrier Corps, kikosi cha wapagazi Waafrika waliobebeshwa mizigo ya jeshi la Waingereza katika vita vya mwaka 1914 hadi 1918. Wapagazi hao walibeba risasi za wengine. Miaka 35 baadaye, katika mitaa hii ya mashariki mwa mji, watu walitafuta risasi zao wenyewe.

Hali ya Hatari ilitangazwa tarehe 20 Oktoba 1952. Wapiganaji wa Mau Mau, waliodai ardhi na uhuru, walikuwa na bunduki chache za kiwandani. Basi mafundi wao wakaunda nyingine kwa mabomba ya maji na komeo za milango. Risasi, lakini, hawakuweza kuziunda. Waliziiba au kuzinunua kwa siri, nazo zilikuwa zimetengenezwa kwa mitutu ya chuma kigumu. Hapo ndipo palipokuwa na msiba. Baruti haijui ushujaa wa mtu. Mara nyingi bomba lilipasuka, likamjeruhi yule aliyelishika.

Usidhani kosa hilo ni la maskini peke yao. Mwaka 1935, huko Marekani, kampuni ya Smith & Wesson ilitoa rivolva ya risasi mpya yenye nguvu nyingi, iliyoitwa magnum. Ganda lake lilirefushwa kwa milimita 3 hivi, makusudi, ili lisiingie katika rivolva za zamani zilizo dhaifu. Hata hivyo, wako waliopanua vyumba vya risasi vya bastola zao ili viipokee. Walipanua nafasi, chuma hakikuongezeka nguvu hata kidogo. Tofauti ni kwamba hao walikuwa na hiari, na fundi wa Mau Mau hakuwa nayo.

Tena hatari yake haikuwa ya mtutu tu. Kwa sheria za wakati ule, kukutwa na silaha, hata risasi peke yake, kuliweza kumfikisha mtu kwenye kitanzi. Tarehe 24 Aprili 1954 serikali iliuzingira mji kwa operesheni iliyoitwa Anvil, maana yake fuawe, na maelfu ya watu wakapelekwa vizuizini. Dedan Kimathi alikamatwa tarehe 21 Oktoba 1956 akiwa na rivolva ya kiwandani. Haikumpasukia mkononi, lakini ndiyo iliyomhukumu. Alinyongwa Kamiti tarehe 18 Februari 1957.

Kwa hiyo, usomapo habari za vita vile, usihesabu bunduki tu. Uliza pia ni nani aliyezishika, na kwa nini alikubali kuzishika hali akijua zaweza kumuua yeye kwanza. Wahenga walisema: kikulacho ki nguoni mwako. Watu wale walikijua kilichokuwa nguoni mwao, na bado wakaenda.