Nchi za Kujitangazia: Ziingie Kwenye Ensaiklopidia?

Mwaka 1822 kilitoka Edinburgh kitabu kinene, kurasa zaidi ya 300, kikiisifia nchi iitwayo Poyais kwenye pwani ya Mosquito, Amerika ya Kati. Udongo wenye rutuba, hewa safi, mji mkuu wenye majengo ya maana. Jina la mwandishi lilikuwa Thomas Strangeways. Wengi wanaamini aliyekuwa nyuma ya kitabu ni Gregor MacGregor, askari wa Kiskoti aliyepigana vita vya uhuru wa Venezuela kisha akarudi Uingereza akijitangaza mtawala wa Poyais. Hati ya ardhi alikuwa nayo kweli, aliipata mwaka 1820 kwa mfalme wa Wamiskito. Nchi yenyewe ndiyo haikuwepo.

Watu walisoma, wakaamini. Meli mbili, moja ya kutoka London na nyingine ya kutoka Leith, zilibeba walowezi wapatao 250. Waliposhuka walikuta msitu na kinamasi. Hakuna mji, hakuna bandari, hakuna benki. Homa zikawamaliza wengi wao, na mwaka 1823 walionusurika wakachukuliwa kupelekwa Belize.

Naanza na kisa hiki kwa sababu swali la kama nchi za kujitangazia zinastahili makala kwenye ensaiklopidia huwa linachukuliwa kama utani. Jamaa kachora bendera, kajivika taji, basi tucheke tupite. Ila kilichowaua watu wale ni maandishi, tena maandishi yaliyovaa sura ya kitabu cha rejea.

Wanaopinga wana hoja nzito. Ukimwandikia kila mwenye bendera chumbani kwake, wanasema, unampa hadhi asiyokuwa nayo. Hushika Mkataba wa Montevideo wa 1933, unaotaka dola iwe na watu wa kudumu, eneo linalojulikana, serikali, na uwezo wa kuhusiana na dola nyingine. Kwa kipimo hicho vinchi vingi vinaanguka asubuhi na mapema. Sawa. Lakini mkataba ule unajibu swali la nini ni dola. Haujibu nini kiandikwe. Atlantis haijawahi kupatikana, na ensaiklopidia zote kubwa zina makala yake.

Hata kutambuliwa na wakubwa ni kipimo kinachoyumba. Sisi wa pwani hii tunalo la kusimulia. Usultani wa Witu, karibu na Lamu, ulikuwa na watu wake, askari wake na mtawala wake, Ahmed aliyejulikana kama Simba. Mwaka 1885 Ujerumani iliukubali na kuuweka chini ya ulinzi wake. Mwaka 1890 Ujerumani hiyohiyo ikatia saini mkataba na Waingereza na kuuachia Witu, na kabla mwaka haujaisha jeshi la Uingereza likauvamia. Je, Witu ilikuwa nchi mwaka 1889 na si nchi mwaka 1891? Mwandishi wa historia akisubiri saini za Berlin na London ndipo aandike, ataandika historia ya saini tu.

Sasa chukua Sealand. Ni ngome ya vita vya pili vya dunia iliyosimama baharini, mashariki ya Uingereza. Roy Bates, meja mstaafu na mwendesha redio haramu, aliikalia na mwaka 1967 akaitangaza kuwa nchi. Mwaka 1968 zikafyatuliwa risasi za onyo kuelekea chombo cha Waingereza. Kesi ikafika mahakamani Chelmsford, na jaji akasema hana mamlaka, kwa kuwa ngome ilikuwa nje ya maili tatu za bahari ya Uingereza. Mwaka 1978 ngome ikavamiwa, ikakombolewa, na raia mmoja wa Ujerumani Magharibi akashikiliwa mateka. Serikali yake ikamtuma mwanadiplomasia kwenda kuzungumza. Bates akasema hapo ametambuliwa. La hasha, lakini tukio lilitokea, na waliolishuhudia hawakuwa watu wake peke yao. Uingereza ikaja kupanua bahari yake hadi maili 12 mwaka 1987.

Au Hutt River, Australia Magharibi. Mkulima Leonard Casley alikasirishwa na mgawo wa ngano, na mwaka 1970 akatangaza kujitenga, baadaye akijiita mwanamfalme. Watalii wakaja, stempu zikauzwa. Mwaka 2017 mahakama ikaamua kodi ilipwe, karibu dola milioni tatu za Australia, na mwaka 2020 familia ikaufunga ufalme huo. Anayetaka kuelewa ugomvi wa wakulima na serikali zao atajifunza mengi hapo.

Kwa hiyo kipimo changu ni kimoja: nani mwingine, mbali na mwenye nchi, ameandika? Hukumu ya mahakama, gazeti lisilo lake, mtafiti asiyelipwa naye. Sealand inapita, Hutt River inapita. Mfalme wa chumbani ambaye ushahidi wake wote ni tovuti aliyoitengeneza mwenyewe hapiti, na hakuna aliyemwonea.

Namna ya kuandika nayo ina uzito wake. Sentensi ya kwanza iseme wazi kwamba hilo ni dai na nani analidai. Isiazime sauti ya mtawala, isimwage vyeo vyake kana kwamba ni vya kawaida, isijaze jedwali la idadi ya watu na sarafu kama la Kenya au Ureno. Hapo ndipo hofu ya wapinzani inakuwa ya kweli, maana msomaji wa haraka huangalia jedwali na kuondoka.

Lakini kunyamaza ni hatari zaidi. Bidhaa za nchi hizi huuzwa. Mwaka 1997 familia ya Bates ilifuta pasipoti zote za Sealand kwa sababu za kughushi zilikuwa zimezagaa. Mtu akiuziwa leo pasipoti ya nchi asiyoijua, ataitafuta kwenye simu. Asipokuta makala ya mtu baki, atakuta tovuti ya muuzaji, yenye nembo, ramani na picha za mji mkuu.