Mapanki, magwangala na sinema ya Neptune

Wadau, leo tuongelee sinema mbili. Ya kwanza ilipigwa Mwanza, ikapata tuzo Paris, na mwaka 2006 Rais Kikwete akaizungumzia kwenye hotuba yake kwa taifa. Ya pili ilipigwa Rwanda, ni hadithi ya kubuni ya kisayansi, na ndani yake watu wanaongea Kinyarwanda, Kirundi, Kifaransa, Kiingereza na Kiswahili chetu. Ya kwanza kila mtu huku Kanda ya Ziwa ana maoni juu yake, hata ambaye hajaiona. Ya pili nikiitaja Kahama au Geita naulizwa: hiyo ya lini tena?

Naziweka pamoja kwa sababu, kwa macho yangu, zote mbili zinaongelea makombo. Yaani kile kinachobaki kwetu baada ya kizuri kuondoka.

Tuanze na ya Mwanza. Mwaka 2004 Hubert Sauper, Mwaustria anayeishi Ufaransa, alitoa filamu ya matukio halisi iitwayo Le Cauchemar de Darwin, yaani Jinamizi la Darwin. Habari yake ni sangara. Samaki anavuliwa Ziwa Victoria, minofu inapakiwa kwenye ndege kwenda Ulaya, na wenyeji wanabaki na vichwa na mifupa, mapanki. Filamu ikadokeza pia kwamba ndege zinazokuja kuchukua minofu huenda zilikuwa zinaleta silaha Afrika. Mwaka 2006 ikapata tuzo ya César ya filamu bora ya kwanza, na ikateuliwa kuwania Oscar.

Hapa nyumbani moto ukawaka. Rais alisema filamu inaichafua nchi na kwamba habari ya silaha haina ushahidi. Mwanza watu wakaandamana kuipinga. Huko Ufaransa nako mwanahistoria François Garçon akaishambulia, Sauper akaenda mahakamani kudai amekashifiwa, na mwaka 2008 mahakama ya Paris ikampa ushindi Sauper. Ukiyapima yote hayo, ugomvi ulikuwa juu ya ushahidi. Nani alisema, ndege ipi, silaha zipi? Yule mama anayeanika mapanki juani akasahaulika katikati ya mabishano.

Sasa njoo huku kwenye dhahabu. Mgodi wa Geita ulianza kuzalisha mwaka 2000, Bulyanhulu 2001, Buzwagi 2009. Na sisi tuna mapanki yetu. Geita yanaitwa magwangala: mawe ya mabaki yanayotoka mgodini, ambayo wananchi kwa miaka walililia wapewe wayaponde na kuyaosha, maana ndani yake huwa kuna punje mbili tatu zimebaki. Kahama tulijifunza neno jingine mwaka 2017, makinikia, pale Rais Magufuli alipozuia makontena 277 bandarini Dar es Salaam, yenye mchanga wa madini kutoka Bulyanhulu na Buzwagi. Kwa miezi kadhaa nchi nzima, kuanzia bungeni hadi kwa muuza kahawa, ilikuwa inabishana: ndani ya mchanga ule kuna dhahabu kiasi gani? Mwisho wake ikawa makubaliano ya 2019 na kampuni ya Twiga, ambayo serikali ina hisa asilimia 16.

Na kuna habari ya zamani zaidi. Agosti 1996 wachimbaji wadogo waliondolewa Bulyanhulu kupisha kampuni. Yakaja madai kwamba baadhi yao walifukiwa ndani ya maduara. Serikali na kampuni walikanusha, na mwaka 2002 ofisi ya Benki ya Dunia inayopokea malalamiko ya namna hiyo ilisema haikuona ushahidi wa kuyathibitisha. Kwenye makaratasi habari iliishia hapo. Lakini kwa watu walioamka asubuhi moja wakakuta hawana duara, hawana karasha, hawana kijiji, haikuishia hapo.

Hapo ndipo ninapoona kazi ya sinema ya pili. Inaitwa Neptune Frost. Waliitengeneza mke na mume, Anisia Uzeyman, mwigizaji mzaliwa wa Rwanda, na Saul Williams, mshairi na mwanamuziki wa Marekani. Wazo lilianza miaka mingi nyuma, wakilifikiria kama mchezo wa muziki wa jukwaani na kitabu cha michoro. Hadithi inatokea Burundi, lakini Burundi haikupigika picha. Mnakumbuka mwaka 2015: Nkurunziza alitaka muhula wa tatu, watu wakaingia mitaani, na Mei 13, akiwa Dar es Salaam kwenye mkutano wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, jenerali mmoja akatangaza redioni kwamba amempindua. Mapinduzi yakashindwa. Meli yetu MV Liemba ikawa inabeba wakimbizi kutoka Kagunga kuwapeleka Kigoma mjini, kisha wanapelekwa kambi ya Nyarugusu. (Sisi wa Geita tuna Nyarugusu yetu, ya dhahabu. Jina moja, shida tofauti.)

Wengine walikimbilia Rwanda, wakiwemo wanafunzi na wasanii. Watengenezaji wakaamua kuipigia filamu huko, na baadhi ya Warundi hao wakaingia kwenye kundi la waigizaji. Mwaka 2018 wakachangisha pesa kwa watu wa kawaida kupitia intaneti, na mapema 2020, kabla korona haijafunga mipaka, wakapiga picha.

Hadithi yenyewe? Inaanzia machimboni, kwenye koltani, yale madini yanayotoa tantalumu ya kutengenezea vipuri vya simu na kompyuta. Kijana anaitwa Tekno anasimama kidogo kulitazama jiwe aliloshika. Basi, kwa kusimama huko tu, anauawa. Ndugu yake Matalusa anakimbia. Njia yake inakutana na ya Neptune, mdukuzi mkimbizi ambaye ni huntha na anaigizwa na watu wawili, Elvis Ngabo na Cheryl Isheja. Wanafika kijiji kiitwacho Digitaria, ambako watu wanaishi katikati ya takataka za kompyuta, na kutoka hapo wanaitikisa mitambo ya dunia nzima. Salamu wanayopeana inataja mgodi wa dhahabu.

Mavazi ndiyo yaliyonishika zaidi. Mbunifu Cedric Mizero alichukua vitufe vya kompyuta, nyaya na vipande vya mashine vilivyokufa, akavigeuza nguo na mapambo. Yaani madini yanaondoka yakiwa mawe, yanarudi yakiwa taka, na mtu wa Digitaria anazivaa taka zile kama mfalme.

Ilionyeshwa kwa mara ya kwanza Cannes, Julai 2021, kwenye kitengo cha Wiki Mbili za Wakurugenzi, halafu Toronto na New York, na 2022 ikaingia kwenye majumba ya sinema Marekani. Wachambuzi wengi waliisifu muziki na rangi zake. Wengine walilalamika kwamba hadithi haishikiki, na kusema kweli hawakuonewa, maana ni ndoto, na haikupi muda wa kuuliza maswali.

Mimi niliiangalia kwenye laptopu mji mdogo karibu na Bulyanhulu, nikiwa na vijana watatu wa makarasha. Vibanda umiza vya huko kila siku ni Wamarekani wanarushiana risasi angani, huku sauti ya mtafsiri ikichekesha watu. Vijana wangu walisinzia mara mbili. Lakini ile sehemu ya Tekno hakuna aliyesinzia. Mmoja akasema kwenye sinema zote alizoona za watu wa siku zijazo, hajawahi kumuona anayechimba. Wote wana mashine, hakuna anayetoa jiwe chini.

Nimeifikiria sana kauli hiyo. Wafaransa ni wazee wa hadithi hizi, Georges Méliès aliwapeleka watu mwezini kwenye filamu mwaka 1902. Mkameruni Jean-Pierre Bekolo alitoa Les Saignantes mwaka 2005 akiuwazia mwaka 2025, ambao sasa umeshatupita. Jirani yetu Wanuri Kahiu wa Kenya alitengeneza Pumzi mwaka 2009, dunia isiyo na maji, na jina akalipa la Kiswahili. Kwa hiyo tusidanganyane kwamba kuwaza kesho si kazi yetu.

Filamu ya Sauper ilituonyesha tukiwa wala makombo, tukakasirika, na sehemu ya hasira ile ilikuwa ya haki. Nani anapenda kupigwa picha akiwa na njaa, halafu mwingine apigiwe makofi Paris? Neptune Frost haikuficha makombo hata kidogo. Tofauti ni kwamba wenye makombo ndio wenye akili, ndio wanaoongea, ndio wanaobuni. Na kwa kuwa ni ya kubuni, hakuna mahakama inayoweza kuiuliza ushahidi wa Tekno. Unabaki kuuliza tu: hili jambo nimeliona wapi?

Huku tumeliona. Tuna Mwadui na almasi zake tangu 1940, tuna maduara ya Nyarugusu, tuna zebaki inayoshikwa kwa mikono mitupu, tuna vijana wanaoponda magwangala usiku kwa tochi za simu ambazo ndani yake kuna koltani ya jirani. Hadithi imejaa tele. Anayeandika mswada wa filamu yetu, ya dhahabu, ya mwaka 2070, aniambie. Vijana watatu wa makarasha wako tayari kuigiza, na wameshasema hawataki nafasi ya kufa mwanzoni.