Rimu Ilikua, Gurudumu Likabaki

Wengi wanaoniletea Subaru Impreza iliyoshushwa hapa Nairobi huja na neno moja: inchi. Ya 16 itolewe, iingie ya 17 au 18. Mimi huanza kwa kuwaonyesha maandishi ya ubavuni mwa tairi, maana historia yote ya gari hilo imeandikwa pale.

Impreza WRX ya kwanza ilitoka Japani mwaka 1992 ikivaa 205/55R15. Maana yake, upana ni milimita 205, ubavu ni asilimia 55 ya upana huo, na rimu ni inchi 15. Piga hesabu: gurudumu zima lina kipenyo cha milimita 606 hivi. Miaka michache baadaye kiwanda kikahamia 205/50R16. Rimu iliongezeka inchi nzima, yaani zaidi ya milimita 25, lakini gurudumu likaongezeka milimita 5 tu, kwa sababu ubavu ulipunguzwa. Mwaka 1998 ikaja 22B ya milango miwili, yenye 235/40R17 na kipenyo cha milimita 620. Ili tairi pana namna hiyo lipate pa kukaa, waliotengeneza gari walipanua madgadi zake.

Rimu zilikuzwa kwa sababu ya breki na kona. Ndani ya rimu kubwa huingia diski kubwa, na ubavu mfupi haulali gari linapokata kona kwa kasi. Elimu hiyo ilitoka kwenye mashindano. Katikati ya miaka ya 1970 Pirelli ilitoa P7, tairi la ubavu mfupi lililopata sifa chini ya Porsche 911 Turbo, na viwanda vingine vikafuata njia hiyohiyo.

Kwetu Kenya, mapenzi ya Impreza yaliletwa na Safari Rally, mashindano yaliyoanza mwaka 1953. Colin McRae alishinda na Impreza mwaka 1997, na Richard Burns mwaka 2000, gari likiwa la buluu, rimu za rangi ya dhahabu. Miaka hiyohiyo magari yaliyotumika Japani yalikuwa yakimiminika bandarini Mombasa, na kijana aliyesimama kando ya barabara akila vumbi la McRae aliweza kuota kumiliki gari la jina lile. Akilipata, alienda Kirinyaga Road, ambako wazee bado hupaita Grogan, kutafuta rimu.

Lakini kuna jambo ambalo wapenzi wengi wa Safari hawakulitazama. Katika mashindano ya dunia ya rally, magari huvaa rimu za inchi 18 kwenye lami, na inchi 15 kwenye changarawe. Safari iliporudi katika mashindano hayo mwaka 2021, kule Naivasha, magari yenye kasi kuliko yote yalipita kwenye mawe na fesh-fesh, yaani vumbi laini lenye kina, juu ya rimu za inchi 15, zenye matairi ya ubavu mnene wa kubeba vishindo. Ukilinganisha 205/65 ya inchi 15 na 235/40 ya inchi 18, vipenyo vyake vinapishana milimita 2 hivi. Rimu hubadilishwa kufuata barabara, kipenyo hakiguswi.

Hapo ndipo gari lililoshushwa linapodai uangalifu. Springi fupi zimekwisha kula nafasi kati ya tairi na madgadi. Ukitoa 205/50R16 ukaweka 225/45R17, kipenyo kinapanda milimita 23, kwa hiyo tairi linasogelea madgadi kwa zaidi ya milimita 11. Pakia watu watano, pita kwenye tuta, na utasikia mpira ukisugua. Spidomita nayo itaonyesha 100 wakati unakwenda karibu 104. Ukiweka 215/40R17, kipenyo kinashuka milimita 8 hivi na nafasi inabaki, ila ubavu ni milimita 86 tu, na shimo moja la mvua za masika laweza kupinda rimu.

Kwa hiyo, kabla hujatoa pesa, hakikisha mambo manne. Kipenyo cha nje kisiachane sana na cha kiwanda. Duara la nati likubali habu yako: Impreza nyingi za zamani zina nati tano kwenye duara la milimita 100, lakini toleo la STI la modeli ya 2005 lilihamia milimita 114.3. Rimu isitokeze nje hadi tairi liguse madgadi usukani ukikatwa. Tena namba ya uzito kwenye tairi isiwe chini ya ile ya mwanzo. Likikosekana hata moja, usinunue rimu hizo, hata zikiwa na urembo wa namna gani. Kwenye barabara zetu, gari lililoshushwa linafaidika zaidi na inchi 16 zenye tairi zuri kuliko inchi 18 zilizolazimishwa.