Samaki Wageni Katika Maziwa Yetu

Sokoni kwetu, Butembo kama Beni, samaki ni mboga ya watu wote. Kuna tilapia na kambale wa Kyavinyonge, kuna makayabo ya mbali, kuna wadogo na wakubwa. Lakini ni wachache wanaojiuliza: samaki huyu alifikaje katika ziwa alimovuliwa? Mara nyingi jibu ni rahisi: yeye na mababu zake wamekaa humo tangu kale. Lakini wapo samaki wawili, sambaza wa Ziwa Kivu na sangara wa Ziwa Victoria, ambao walihamishwa na watu. Mmoja alileta chakula. Wa pili alileta mali na hasara pamoja. Yatupasa kujua habari zao, maana sisi nasi tunakaa kati ya maziwa.

Tuanze na sambaza. Ziwa Kivu lilitengwa na milima ya moto, iliyoziba bonde upande wa kaskazini. Maji yake yakageukia kusini, yakateremka kwa mto Ruzizi mpaka Tanganyika. Kwa sababu hiyo Kivu lilikuwa na aina chache za samaki, nao walikaa hasa karibu na kando. Katikati palikuwa kama malisho yasiyo na ng'ombe: viumbe vidogo sana vilielea majini, wala hapakuwa na samaki wa kuvila.

Wataalamu wa serikali ya Kibelgiji waliona malisho hayo yanapotea bure. Kati ya mwaka 1958 na 1960 walichukua vitoto vya ndagala wa Ziwa Tanganyika, maelfu kwa maelfu, wakavimwaga katika Kivu. Vilikuwa vya aina mbili. Aina moja ilitoweka. Nyingine, ambayo wataalamu huiita Limnothrissa miodon, ilikaa ikazaana. Ndiyo sambaza. Kuanzia miaka ya 1970 na 1980 wavuvi walijifunza kufunga mitumbwi pamoja, kuwasha taa usiku, na kuinua wavu chini ya mwanga. Watu wengi wa Goma, wa Bukavu na wa Rwanda wamekula, wamesomesha watoto na kujenga nyumba kwa samaki huyu.

Wahenga walisema: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Sambaza alipewa jembe akalima. Hata hivyo alikula pia mbegu. Viumbe vidogo vya majini vilipungua, na aina moja iliyokuwa nyingi zamani ilitoweka. Mwaka 1986 mtaalamu Henri Dumont wa Ubelgiji alionya kwamba sambaza watamaliza chakula chao na uvuvi utaanguka. Haukuanguka. Lakini mwaka 2006 samaki mwingine wa Tanganyika, aitwaye Lamprichthys, alionekana katika Kivu, naye hugombea chakula kilekile. Ndivyo ilivyo: mlango ukifunguliwa mara moja, ni shida kujua nani ataingia nyuma.

Sasa sangara, ambaye sisi huku Kongo twamwita kapitene. Huyu ni jirani yetu wa zamani. Yumo katika Ziwa Albert, mahali mto wetu Semliki unapomwaga maji yake. Huko kwao si mharibifu, kwani samaki wenzake wamekaa naye tangu kale nao wanajua kumkimbia. Anaweza kufika karibu na kimo cha mtu na kupita kilo 100.

Ziwa Victoria halikuwa naye. Lilikuwa na ngege, na samaki wadogo waitwao furu, aina zipatazo 500. Tusiseme kwamba ziwa hilo lilikuwa zima kabisa. Nyavu za kisasa zilifika huko karibu na mwaka 1905, na ngege walianza kupungua. Mwingereza Michael Graham, aliyelikagua ziwa mwaka 1927 na 1928, alionya kwamba kuleta samaki mkubwa mla wenzake kutoka mahali pengine ni hatari kubwa.

Miaka ya 1950 mashauri yalifufuka. Waliomtaka sangara walisema: furu ni wadogo, wamejaa miiba, hawana bei, afadhali waliwe na samaki mkubwa, na sisi tumle huyo mkubwa. Tena Wazungu waliopenda kuvua kwa ndoano walitaka samaki wa kushindana naye. Mtaalamu Geoffrey Fryer aliwajibu kwa maandishi mwaka 1960: ili sangara aongeze kilo moja ya mwili wake, lazima ale kilo nyingi za furu, basi chakula hakiongezeki, kinapungua. Lakini wakati wataalamu wanabishana, jambo lilikwisha kufanyika. Mwaka 1954 sangara wa Ziwa Albert walitiwa kwa siri upande wa Uganda, na mwaka 1962 na 1963 wengine wakatiwa waziwazi.

Miaka ipatayo 20 ilipita kimya. Kisha, katika miaka ya 1980, sangara walijaa nyavu. Kwa makadirio ya wataalamu, aina zipatazo 200 za furu zilitoweka. Nyama ya sangara ina mafuta, haikauki juani kama furu. Ilihitaji moshi, na moshi ulihitaji kuni, na kuni zilimaliza miti. Viwanda vilijengwa Kenya, Uganda na Tanzania. Minofu ilipelekwa Ulaya, na fedha nyingi zikaingia. Lakini mama wa kando ya ziwa mara nyingi aliuziwa kichwa na mifupa tu, ambayo Wakenya waliita «mgongo wazi».

Je, wakamwondoe? Haiwezekani. Hakuna sumu wala wavu wa kumtoa katika ziwa lenye upana wa kilometa za mraba zipatazo 68,000. Mwaka 1994 nchi hizo tatu ziliunda Shirika la Uvuvi la Ziwa Victoria, lenye makao Jinja. Mojawapo ya kanuni zake ilikuwa kwamba sangara avuliwe akiwa na urefu wa sentimeta 50 hadi 85 tu, ili wachanga wakue na mama wazae. Kumbe aliyeingia kama mwizi sasa analindwa na sheria!

Basi, tutazame kwetu. Ziwa Edward hutoa maji yake Ishango, na Semliki huyashusha kando ya Ruwenzori, katika nchi ya Beni, mpaka Albert. Kati ya maziwa hayo mawili mto huanguka karibu meta 300, na maporomoko yake yamemzuia kapitene kupanda. Mawe ndiyo walinzi wetu. Lakini mawe hayamzuii mtu mwenye pipa la maji juu ya lori.

Hatari haiko mbali. Samaki wa Edward wamepungua kwa sababu ya nyavu za matundu madogo na mitumbwi isiyo na ruhusa. Ziwa likipungukiwa, atatokea mtu wa kusema: tulete samaki wengine. Tumjibu: kwanza tuwaachie wetu nafasi ya kuzaa.

Na wenye mabwawa ya samaki, tukumbuke jambo moja. Katika milima ya Lubero vijito vingine hukimbilia Semliki na Nile, vingine hukimbilia mto Kongo. Ndoo moja ya vitoto ikivushwa juu ya kilima inatoka mto mkubwa mmoja kuingia mwingine. Kwa hiyo tununue mbegu ya upande wetu, tuweke wavu imara penye mfereji wa kutokea, na kabla ya kuleta aina mpya tumwulize bwana agronomu. Ulizo hilo halina gharama. Watu wa Victoria walionywa miaka ipatayo 25 kabla, na wajukuu wao bado wanalipa.