Kutoka "Undeniable" hadi "Self-evident": Kivumishi cha Mambo Yasiyo na Shaka katika Azimio la Uhuru la Marekani

1.0 Utangulizi

Kamusi za Kiingereza huviorodhesha vivumishi vya mambo yasiyo na shaka kana kwamba ni visawe. Historia ya matumizi yake huonyesha vinginevyo. Makala haya yanafuatilia badiliko la kivumishi kimoja mwaka 1776 na kudai kuwa kivumishi cha aina hiyo huamua ni nani abebe mzigo wa kuthibitisha.

2.0 Rasimu ya 1776

Mwezi Juni 1776, jijini Philadelphia, Thomas Jefferson aliandika rasimu ya Azimio la Uhuru kwa niaba ya kamati ya watu watano, wakiwamo Benjamin Franklin na John Adams. Katika rasimu hiyo, inayohifadhiwa katika Maktaba ya Bunge la Marekani, kweli kuhusu usawa wa binadamu zilielezwa kuwa takatifu na "undeniable", yaani zisizokanushika. Maneno hayo yalikatwa, na mahali pake pakaandikwa "self-evident", yaani zinazojidhihirisha zenyewe. Wanahistoria hawajaafikiana iwapo badiliko hilo lilitoka kwa Franklin au kwa Jefferson mwenyewe.

Tofauti ya maana si ndogo. Jambo lisilokanushika humkumbuka mkanushaji: yupo aliyebisha, au awezaye kubisha, naye hushindwa kwa hoja. Jambo linalojidhihirisha halimpi mkanushaji nafasi. Anayeyaelewa maneno yake hulikubali papo hapo. John Locke alikuwa amelitumia neno hilo katika insha yake ya 1690 kuhusu uelewa wa binadamu, kwa kauli ambazo akili huzikubali bila kuhitaji uthibitisho. Ndivyo siasa ilivyoazima heshima ya mantiki na hisabati.

3.0 Kweli Iliyokanushwa

Hata hivyo, kweli hiyo ilikanushwa kwa vitendo tangu mwanzo. Jefferson mwenyewe, katika maisha yake, alimiliki watumwa zaidi ya 600. Mwaka 1848, mkutano wa haki za wanawake huko Seneca Falls, New York, ulikihifadhi kivumishi kile kile lakini ukaongeza wanawake katika kauli ya usawa. Mwaka 1854, mjadala wa Kansas na Nebraska ulipopamba moto, Seneta John Pettit wa Indiana alikigeuza kivumishi hicho dhidi ya Azimio: kwake usawa ulikuwa uongo unaojidhihirisha.

Abraham Lincoln, msomaji makini wa jiometri ya Euclid, hakukitumia kivumishi hicho katika hotuba yake ya Gettysburg, tarehe 19 Novemba 1863. Usawa aliuita "proposition", neno ambalo katika jiometri hutaja kauli inayosubiri kuthibitishwa. Mzigo wa uthibitisho ukawa umerudi mabegani mwa taifa lililokuwa vitani.

4.0 Hitimisho

Kiswahili kinaweza kuutunza mpaka huu: "isiyokanushika" na "isiyopingika" huashiria ubishi ulioshindwa kwa ushahidi, ilhali "dhahiri" na "bayana" huashiria kisichohitaji ushahidi. Mfasiri anayeandika "dhahiri" kila mahali huufuta. Kwa mtunga sera, funzo ni zito zaidi: haki iliyotangazwa kuwa dhahiri hukosa mtetezi siku inapokanushwa, kwa kuwa hakuna aliyepewa jukumu la kuithibitisha.