Darasa Lisilokuwa na Kitabu

Katika miaka ya 1930, mjini Columbus, jimbo la Ohio, Marekani, palikuwa na darasa la jiometri la shule ya sekondari ambalo halikupewa kitabu. Mwalimu wake, Harold Fawcett, aliwaambia wanafunzi tangu mwanzo kwamba jiometri haina haraka. Akawaomba kwanza wazungumzie jambo ambalo shule nzima ilikuwa karibu kulijadili: je, inafaa wale wanaofanya makubwa shuleni watunukiwe tuzo?

Mjadala ukapamba moto. Wako waliotetea tuzo na wako waliozipinga, na kila upande ulikuwa na hoja. Lakini kadiri walivyosema ndivyo walivyozidi kutoelewana, mpaka ikadhihirika kwamba hawakuwa wakibishana juu ya kitu kimoja. Tuzo ni nini? Ni nishani ya kuvaa kifuani, au hata neno la shukurani mbele ya wenzako ni tuzo? Na kufanya makubwa ni kufanya makubwa katika nini, na mbele ya macho ya nani? Walipokaa wakakubaliana maana ya maneno hayo, sehemu kubwa ya ubishi ilijifia yenyewe.

Msomaji aliyezoea majibizano ya malenga wetu atalitambua darasa hili. Ni mara ngapi washairi wawili wamejibizana ubeti kwa ubeti, na wengine wakaingia kuwasaidia huku na huku, kumbe neno moja la kituo cha shairi la kwanza kila mmoja amelifahamu kwa maana yake? Tofauti ni kwamba Fawcett alilifanya jambo hilo kuwa ndio mlango wa kuingilia katika hisabati.

Fawcett alizaliwa mwaka 1894 huko New Brunswick, Canada. Alifika Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio mwaka 1932, mwaka ule ule chuo hicho kilipofungua shule yake yenyewe, yenye watoto wa chekechea hadi vijana wa kidato cha mwisho. Aliyoyafanya na wanafunzi wake huko aliyaandika katika kitabu *The Nature of Proof*, kilichotoka mwaka 1938 kama kitabu cha mwaka cha 13 cha baraza la kitaifa la walimu wa hisabati wa Marekani. Baraza hilo hilo alikuja kuliongoza tangu 1958 hadi 1960.

Ili kuelewa alikuwa akiukimbia nini, inafaa kukumbuka jinsi somo hilo lilivyoingia katika shule za Wamarekani. Mwaka 1844 Chuo Kikuu cha Harvard kilianza kumtaka kila anayeomba nafasi awe amesoma jiometri. Tangu hapo jiometri ikawa ufunguo wa mlango wa chuo, na shule za sekondari zikalazimika kuuchonga. Kitu kinachosomwa kwa ajili ya mlango husomwa kwa kukariri. Mtoto alihifadhi kanuni pamoja na uthibitisho wake, mstari kwa mstari, kama anayehifadhi utenzi wa lugha asiyoijua. Mwanzoni mwa karne ya 20 vitabu vikaleta mtindo wa safu mbili: upande wa kushoto kauli, upande wa kulia sababu yake. Kwa umbo, ni kama ukwapi na utao. Mtindo huo ulileta nidhamu ya kuwa hakuna kauli inayopita bila sababu, na hiyo si neema ndogo. Lakini safu zinaweza kujazwa na mtu ambaye hajafikiri lolote, kama vile vina vinavyoweza kutimia katika shairi lisilo na neno.

Walimu wa jiometri, hata hivyo, waliendelea kulitetea somo lao kwa dai moja kubwa: kwamba linanoa akili, na kwamba aliyejifunza kuthibitisha habari za pembetatu atakuwa makini pia mbele ya mwanasiasa na mfanyabiashara. Katika miaka ya 1930 dai hilo halikuwa la mchezo. Mdororo wa uchumi ulikuwa umewatupa mamilioni nje ya kazi, redio ilikuwa imeingia majumbani, na huko Ulaya ilionekana wazi jinsi sauti moja ya redio inavyoweza kuliteka taifa zima. Fawcett hakulikataa dai la wenzake. Alilitaka lithibitishwe.

Nafasi aliipata kwa sababu shule yake ilikuwa mojawapo ya shule 30 zilizoingia katika Uchunguzi wa Miaka Minane, ulioendeshwa tangu 1933 hadi 1941. Vyuo zaidi ya 300 vilikubali kuwapokea wahitimu wa shule hizo bila kuwashurutisha na masharti ya kawaida. Ule ufunguo wa mwaka 1844 ukawekwa kando, na mwalimu akapata kitu ambacho walimu hukipata kwa nadra, yaani wakati.

Wakati huo aliutumia kwanza kwa maneno ya kila siku, kisha akawaalika wanafunzi waifikirie nafasi wanayoishi ndani yake na kutunga nadharia yao wenyewe kuihusu. Kila neno jipya lilihitaji fasili, na fasili ilitoka kwao. Upesi waligundua jambo linalomsumbua kila mtunga kamusi: neno hufasiliwa kwa maneno mengine, nayo hayo yanadai fasili zao, na mwisho mtu huzunguka na kurudi alikoanzia. Basi lazima baadhi ya maneno yakubaliwe bila fasili.

Wazee wa taaluma hii walilihangaikia suala hilo kabla yao. Euclid, yapata mwaka 300 kabla ya Kristo, alijaribu kuieleza nukta kwa kusema kwamba haina sehemu. Walipomfasiri kwa Kiarabu huko Baghdad katika karne ya 9, al-Hajjaj ibn Matar na baada yake Ishaq ibn Hunayn, ambaye tafsiri yake ilisahihishwa na Thabit ibn Qurra, neno lililotumika ni *nuqta*, lile lile la kitone kinachotofautisha *ba* na *ta*. Neno hilo ndilo nukta yetu. Nasi tumelipa kazi ya ziada ya kupimia saa. Ilipofika mwaka 1899, Mjerumani David Hilbert aliacha kabisa kuifasili nukta, mstari na bapa. Wanafunzi wa Columbus walifika hapo hapo kwa miguu yao.

Yaliyobaki yalijengwa juu ya maneno hayo machache, na yalijengwa polepole. Chukua pembe zinazopakana. Mtu atasema upesi kuwa ni pembe mbili zenye upande mmoja wa pamoja. Mwenzake atachora pembe kubwa na ndogo iliyolala ndani yake. Zina upande mmoja wa pamoja, na hakuna atakayeziita jirani. Fasili itaongezewa sharti, itapingwa kwa mchoro mwingine, itakazwa tena. Katika kitabu cha kawaida fasili huja mwanzo, imekamilika, na mwanafunzi haoni jasho lililotoka. Katika darasa la Fawcett ilikuja mwisho, kama zao la kazi.

Kadhalika na kanuni. Mwalimu hakusema, "Thibitisha kwamba pembe hizi ziko sawa." Aliwapa umbo na kuwauliza linabeba nini ndani yake. Mistari miwili minyoofu ikikatana, huzaa pembe nne. Atatokea wa kusema kwamba zinazotazamana zinalingana. Kwa nini? Kwa sababu kila moja, ikijumlishwa na ile iliyo kati yao, hukamilisha mstari mnyoofu, nyuzi 180. Na ukiondoa kitu kile kile kutoka katika viwili vilivyo sawa, vinavyobaki ni sawa. Na nani kasema hivyo? Hapo mtoto hujikuta amesimama juu ya jambo ambalo hakulithibitisha, amelikubali tu, na lazima aliandike kuwa amelikubali.

Kila mwanafunzi aliyaandika hayo katika daftari lake, na mwaka ulipokuwa ukisonga daftari hilo ndilo lililokuwa kitabu. Hayakulingana. Mmoja alikubali bila uthibitisho jambo ambalo mwenzake alilithibitisha. Mwingine alifika kwenye kanuni ambayo jirani yake hakuiona. Mwalimu aliyezoea kusahihisha madaftari 40 yenye jibu moja ataona mara moja ukubwa wa kazi hiyo.

Pamoja na hayo, wanafunzi walileta darasani matangazo ya biashara, tahariri za magazeti na hotuba, wakazipasua kama walivyozipasua kanuni: neno gani halikufasiliwa, jambo gani limekubaliwa kimyakimya. Fawcett alishikilia mambo manne tu. Kwamba yako maneno yasiyofasiliwa. Kwamba yaliyobaki lazima yafasiliwe, na fasili ikibadilika hitimisho nalo hubadilika. Kwamba kila hoja husimama juu ya yaliyokubaliwa bila kuthibitishwa. Na kwamba hakuna uthibitisho unaotoa zaidi ya kilichomo katika makubaliano hayo. La nne ndilo zito. Hata kwamba pembe tatu za pembetatu hujumlika nyuzi 180 ni kweli kwa aliyekubali kauli ya Euclid juu ya mistari sambamba. Lobachevsky na Bolyai, katika miaka ya 1829 na 1832, walikubali nyingine wakapata jumla iliyopungua.

Matokeo yalipimwa. Katika mtihani wa jiometri wa jimbo la Ohio, darasa lisilokuwa na kitabu lilipita alama ya kati ya jimbo. Katika mtihani wa kupima hoja za mambo ya kawaida, liliyaacha nyuma sana madarasa yaliyosomeshwa kwa mtindo wa zamani, ambayo mwaka mzima wa jiometri uliyasogeza kidogo mno. Kwa hiyo dai la walimu lilipata jawabu lisilowapendeza sana: jiometri hainoi akili kwa kusomwa tu; hunoa pale inaposomeshwa kwa nia hiyo.

Yupo atakayesema kuwa shule ya chuo kikuu, yenye mwalimu wa namna ile, si kipimo cha haki, na hoja yake haiwezi kupuuzwa. Mtindo wa Fawcett haukuenea. Uliposhindwa kuenea huko kwao, kilichosafiri kuja kwetu kilikuwa kitu kingine. Baada ya Warusi kurusha Sputnik mwaka 1957, Marekani ilimwaga fedha katika hisabati mpya, na mwaka 1962 wataalamu wa Kimarekani na Kiingereza walikutana na Waafrika huko Entebbe, Uganda, kutunga vitabu vya hisabati kwa ajili ya shule za Afrika. Vilitungwa kwa Kiingereza, na jina la Entebbe likabaki juu yake. Kenya hisabati hiyo mpya ilipigwa marufuku na Rais Moi mwaka 1981.

Tanzania, tangu 1967, mtoto wa shule ya msingi ya serikali amejifunza maumbo kwa lugha yake: msambamba, mstatili, pembetatu pacha. Maneno hayo yanajieleza. Aliye na mama mwenye pacha hahitaji kuambiwa kwamba pande mbili zinalingana. Akiingia sekondari, maneno hayo huachwa mlangoni, na pembetatu pacha hurudi na jina la Kigiriki lililopitia Uingereza, ambalo hakuna aliyemwomba alifasili. Linakaririwa, na safu mbili hujazwa.

Shule ya Columbus ilifungwa mwaka 1967, na Fawcett alifariki mwaka 1976. Wahitimu wake wa mwaka 1938 walikuwa wamekwishajiandikia kitabu chao kuhusu miaka yao ya shule, wakauliza katika anwani yake kama wao walikuwa panya wa majaribio. Mwalimu wao mwingine, Margaret Willis, aliwafuatilia akaandika habari zao mwaka 1961. Kisha, walipokuwa wazee, zaidi ya miaka 60 baada ya kuacha shule, mwalimu wa hisabati Frederick Flener alikwenda kuwauliza wanakumbuka nini. Makala yake ya mwaka 2001 aliipa jina la kozi ya jiometri iliyobadili maisha yao.